Nani Aliingia Chumbani kwa Béata

Béata alisimama mbele ya mlango wake, mfuko wa vitambaa begani, na hakuingia. Kufuli lilikuwa limegeuka. Asubuhi alipotoka kwenda kazini alilifunga kama anavyolifunga siku zote, tundu la ufunguo likitazama nje. Yalikuwa mazoea ya mkono tu, mkono wa mshonaji unaopenda kila kitu kikae na upande wake wa mbele. Sasa tundu lilikuwa limelala kwenye mbao, na yeyote aliyelifunga hakujua au hakujali.

Alifungua polepole, akaangalia kwanza nyuma ya mlango. Hakuna mtu. Cherehani ilikuwa chini ya kifuniko chake. Vitambaa vya wateja vilikuwa kitandani, vimekunjwa jinsi alivyoviacha: lasi ya bibi harusi wa Keshero, vitenge vya kwaya, sare za shule zilizobaki kutiwa vifungo. Redio ipo. Viatu vya Jumapili vipo. Aligeuza godoro, akafungua sanduku, akahesabu hata mikasi. Hakuna kilichoondoka.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Mwizi akibeba kitu, angalau unajua alichokifuata. Huyu aliingia, akatoka, akafunga nyuma yake kama mwenye nyumba. Alitaka nini?

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Mapendo mjini Goma, ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima wa moto. Upande wa mbele aliishi mwenye nyumba, muzee Barthélemy, mjane aliyesikia kwa sikio moja. Upande wa nyuma kulikuwa na vyumba vitatu katika ujia mmoja: cha Béata, cha Nshobole na cha Papa Kataliko. Jiko lilikuwa la wote, choo cha wote, bomba la wote, na hata fagio lilikuwa moja. Kitu pekee ambacho kila mtu alikuwa nacho peke yake ni mlango.

Béata alikuwa amekimbia vita Rutshuru na nguo alizovaa tu. Cherehani ile aliipata baada ya miaka ya kushona kwa mashine za watu. Lakini hata cherehani haikumtia hofu kama vitambaa. Cherehani ikipotea, umepoteza cherehani. Lasi ya bibi harusi ikipotea, umepoteza jina, na Goma nzima itajua kabla ya misa ya Jumapili.

Jioni ile alimweleza Nshobole. Huyo ndiye alikuwa mtu wake pale nyumbani. Alikuwa amemzidi umri kidogo, mwanamke wa upande wa Bukavu, karani katika ofisi moja ya mizigo ya boti. Walipika kwenye mbabula moja ya makaa, wakala sahani moja, na Béata akiumwa malaria ni Nshobole aliyemchemshia uji. Tangu mlima ulipolipuka na watu wakakimbia huku vyumba vimefungwa na wenyewe wako kazini, wawili hao walibadilishana funguo za akiba. Mlima ukiamka, aliye karibu atamwokolea mwenzake vitu.

“Yaya, fungula yangu iko wapi?” Béata aliuliza. Alimwita yaya, kama dada mkubwa.

Nshobole alionyesha ukutani. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari, pamoja na rozari yake. “Haijatoka pale. Juu ya nini unauliza?”

Béata akamweleza habari ya kufuli. Nshobole alisikiliza, akakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, halafu akainua kidevu kuelekea mlango wa tatu.

“Nani anashinda hapa muchana?” aliuliza kwa sauti ya chini. “Weye uko kazini. Miye niko kazini. Muzee hasikii. Anabakia nani?”

Alibakia Papa Kataliko. Alikuwa mtu wa Butembo, mlinzi wa usiku katika bohari ya simenti, mkewe na watoto wake wamebaki kwao. Alirudi asubuhi wengine wakitoka, akalala, akaamka alasiri, akaondoka. Alisalimia kwa kichwa. Alitembea bila viatu ndani ya nyumba, nawe ukajikuta umegeuka, kumbe yupo nyuma yako na ndoo yake. Béata hakuwahi kumfikiria vibaya. Ila neno likishatiwa sikioni halitoki, na kuanzia jioni ile kila alipomwona aliona mtu anayejua kilichomo chumbani kwake.

Alinunua kufuli jipya sokoni, zito, la shaba. Ufunguo wa akiba alimpa tena Nshobole. Hata hakufikiri mara mbili.

Siku zikapita zikiwa shwari. Kisha likatokea tena. Safari hii kufuli lilikuwa limefungwa vizuri, lakini kigoda kilichokuwa karibu na cherehani kilikuwa kimesogea chini ya dirisha. Béata aliketi juu yake akajiuliza kama ni yeye. Pengine ni yeye. Mtu akichoka hufanya mambo bila kujua. Usiku ule alisukuma sanduku nyuma ya mlango, na kila ubao ulipolia aliinua kichwa.

Mji wenyewe siku hizo haukuwa wa kulalia usingizi. Tangu ubadilishe wakubwa, jeshi la serikali likakimbia, watu wapya wenye silaha, wengi wao wasemao Kinyarwanda, walizunguka mitaani avenyu kwa avenyu wakipekua nyumba. Walitafuta bunduki na nguo za jeshi zilizoachwa na waliokimbia. Ikipatikana nguo chumbani, mwenye chumba alipandishwa gari, ndugu zake wakabaki kuulizana. Watu walikuwa wamechoma hata suruali za kijani za kawaida. Boti nazo zilikuwa zimepungua, na Nshobole alilalamika kwamba ofisini kwao wanafanya nusu siku tu, wanatazamana.

Béata akaamua kujua. Asubuhi moja kabla ya kutoka alikwangua chaki yake ya buluu ya kuchorea vitambaa, akainyunyiza sakafuni kuanzia mlangoni hadi kitandani, unga mwembamba ambao jicho haliuoni usipoinama. Akafunga, akaenda zake. Kazini alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, bosi wake akamrudishia afumue.

Aliporudi, mapema kuliko siku zote, aliinama kizingitini. Chaki haikuwepo. Hakukuwa na nyayo, hakukuwa na vumbi la jana, hakukuwa na hata nyuzi zake za kila siku. Sakafu ilikuwa imefagiliwa.

Mtu alikuwa ameingia, ameona mtego, ametafuta fagio, amefagia, amefunga, ameondoka. Alikimbilia jikoni. Fagio lilisimama mahali pake pa siku zote, ukutani karibu na mlango wa Papa Kataliko, na ncha za vijiti vyake zilikuwa na buluu.

“Papa Kataliko!” Alipiga ule mlango kwa kiganja. “Papa Kataliko, toka!”

Kataliko alitoka na singlendi, macho mekundu ya usingizi. Nshobole, ambaye siku hiyo alikuwa amewahi kurudi, alitokea chumbani kwake. Muzee Barthélemy naye akaja akijikokota, mkono nyuma ya sikio lake zima.

“Unaingia kwangu juu ya nini?” Béata alisema. “Unatafuta nini mu chumba yangu? Vitu ya watu iko mule!”

“Miye?” alisema Kataliko.

“Angalia fagio! Hii ni chaki yangu. Iko kwa mulango yako!”

“Fagio ni ya wote, mama.”

“Muzee,” Nshobole akaingilia, akimgeukia mwenye nyumba, “tulikuwa tunaogopa kusema. Lakini mutu mwenye kushinda hapa ni mumoja tu. Heri umutoe mbele vitu havijapotea.”

Kataliko alimtazama Nshobole usoni. Kisha akausukuma mlango wake mpaka mwisho. Kulikuwa na kitanda, koti la kazi, sufuria, picha ya watoto ukutani. “Ingieni,” alisema. “Pekueni. Kama munaona hata uzi ya huyu mama, miye naenda leo.”

Hakuna aliyeingia. Muzee Barthélemy alikohoa.

“Miye nalala muchana, ni kweli,” Kataliko aliendelea, sasa akimsemesha Béata peke yake. “Lakini nyumba ni ya mbao, nasikia. Kadena ya mulango yako hawaivunje, hawaigonge. Inafunguka mara moja, kwa fungula. Unajua fungula yako iko kwa nani. Usiniulize miye.”

Kabla Béata hajajibu, lango la mbele liligongwa. Alikuwa Viateur, chifu wa avenyu, jasho likimtiririka. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. “Kesho asubuhi ni avenyu yetu,” alisema. “Kila mutu abakie ndani, afungue chumba yake. Mwenye kuwa na kitu haifai, munanisikia? Aitoe leo.” Akaenda nyumba ya pili.

Wote wakatawanyika bila kuagana. Nshobole alikuwa wa kwanza kuingia kwake na kufunga.

Béata aliketi kitandani. Alikuwa bado na hasira juu ya Kataliko, akaishikilia hasira hiyo kwa nguvu, kwa sababu akiiacha ingebidi afikirie jambo jingine. Ufunguo uko kwa nani. Nusu siku, wanatazamana. Uji wa malaria. Aliangalia sakafu safi, akaangalia kigoda. Juu ya kigoda kulikuwa na alama ya buluu. Aliyefagia alisahau kukipangusa. Ulikuwa unyayo wa kandambili, mdogo, mwembamba kisigino. Mguu wa Papa Kataliko haungetosha pale hata nusu.

Alitazama juu.

Dari ilikuwa ya mbao nyembamba za tripleksi, zimepigwa vipande vipande, na kipande kilichokuwa juu ya dirisha kilikuwa kimeinama kidogo kuliko vingine. Alisogeza kigoda, akapanda, akasukuma. Kipande kikainuka bila msumari. Alipapasa gizani, akagusa mfuko wa mchele, laini, umefungwa kamba.

Aliufungulia kitandani. Koti la askari, rangi ya majani na udongo. Suruali yake. Kofia. Kifuani pa koti palishonwa kipande cha jina, na Béata aliyejua kazi ya sindano aliona kwamba kilishonwa kwa mkono, kwa upendo, na mtu asiyejua kushona: RODRIGUE.

Kesho asubuhi wangekikuta hiki chumbani mwake. Wangemuuliza, naye angesema hajui, na ni nani asiyesema hajui? Alifunika koti kwa lasi ya bibi harusi, akatoka, akagonga mlango wa jirani yake mara moja.

“Yaya. Kuja kwangu.”

Nshobole aliingia, akaona mfuko mtupu wa mchele sakafuni, akaketi palepale chini kama mtu aliyekatwa kamba. Béata alifunga mlango nyuma yake.

“Ni nani, Rodrigue?”

“Mudogo yangu.”

“Uliniambia mudogo yako anafanya biashara Kisangani.”

“Alikuwa askari. Alikufa upande wa Sake, mwaka ile ingine. Mwenzake ndiye aliniletea ile nguo. Mwili sikuona. Kaburi sikuona.” Alisema bila kulia, haraka, kama anayesoma. “Nilishindwa kuichoma, Béata. Kila siku nasema kesho.”

“Na kuingia kila mara?”

“Mvua. Nilikuja kuangalia kama bati haivuje juu yake.” Akaangalia dari. “Na kuishika.”

Béata alingoja. Swali lenyewe lilikuwa bado, na wote wawili walilijua.

“Chumba yako iko na dari,” alisema. “Dari ni ileile. Juu ya nini kwangu?”

Nshobole aliinamisha kichwa. “Nilisema kwako hawatatafuta sana. Juu ya luga yako. Ni luga yao. Utawasalimia na Kinyarwanda, watapita.”

Mvua nyepesi ilianza kugonga bati. Béata alisikia kila tone. Rutshuru, watu wa lugha yake walikuwa wamefukuzwa na watu wa lugha yake, na watu wa lugha nyingine pia, na yeye alikimbia wote bila kuuliza. Hapa mjini alidhani kuna mtu mmoja aliyemwona yeye kama Béata tu.

“Na kama wangetafuta? Ulifikiria?”

“Nilifikiria,” Nshobole alisema.

Béata angependa adanganye. Angesema hakufikiri, kwamba uchungu ulimpofusha, naye Béata angeamini kwa sababu ni rahisi kuamini. Lakini alifikiria, akaweka, akafunga, akarudi jikoni kukoroga sombe. Na leo alisimama mbele ya muzee akataka mtu asiye na kosa afukuzwe.

Béata alichukua mkasi wake mkubwa.

“Hapana,” Nshobole alisema. “Basi nipe niende nayo. Nitaificha pengine.”

“Utapita nayo wapi? Barabara yote iko macho.” Alilaza koti mezani. “Washa moto. Weka maharagi.”

Alilikata kama anavyofumua nguo ya mteja, kwanza mishono, mikono ikaachana na mwili, kola ikaachana na shingo, kisha suruali na kofia, akakatakata kila kipande mpaka kikawa kama chakavu za kazi yake, vile vipande vinavyobaki akishona. Siku zote yeye huwashia moto kwa chakavu; jirani akisikia harufu ya kitambaa kinachoungua kwa Béata hageuzi hata kichwa. Alipofika kwenye jina alisimama. Nshobole alinyoosha mkono. Béata alimtazama, akakikata jina lile vipande viwili, kisha vinne. Ndipo Nshobole alipolia, shuka mdomoni ili asisikike.

Walichoma kidogo kidogo jikoni, chini ya chungu, chakavu za askari zikichanganywa na chakavu za sare za shule. Vifungo Béata alivitupa katika ufa wa mawe nyuma ya choo, mahali ambapo hata maji yakimwagwa hayarudi. Walifanya kazi bila kusemeshana, wamekaa ubavu kwa ubavu kama siku zote.

Alasiri ilipokuwa ikiisha, Papa Kataliko alitokea jikoni, amevaa koti lake la kazi, na kikombe mkononi. Alichota maji, akanywa amesimama. Macho yake yalishuka kwenye moto. Kipande kimoja kilikuwa kimedondoka nje ya mbabula, juu ya jiwe, rangi zake zikionekana wazi. Béata alikiona wakati uleule alipokiona yeye.

Kataliko alikisukuma motoni kwa ncha ya kiatu. “Maharagi yenu itaungua,” alisema, akaenda kazini.

Usiku mzima Béata alimfikiria. Mtu aliyetukanwa mchana, alasiri anapewa kisu mkononi. Alikuwa akienda bohari kukaa na walinzi wengine, huko kunapita watu wa kila namna. Neno moja tu lingetosha. Kwa nini asiliseme?

Walikuja asubuhi, jua halijapanda. Muzee Barthélemy aliwafungulia lango. Walikuwa vijana, wamechoka, viatu vyao vimejaa tope. Mmoja aliingia kwa Béata, akageuza godoro, akatandua lasi, akaivuta mpaka ikakwama kwenye kitanda. Béata alimsalimia kwa Kinyarwanda. Alisikia maneno yakitoka kinywani mwake yakiwa na ladha mbaya. Kijana aliitikia, na bado akapanda kigoda, akasukuma dari kwa mtutu, kipande kimoja baada ya kingine. Vumbi lilimwagika juu ya vitambaa. Aliingiza mkono gizani mpaka begani, akapapasa kulekule, akautoa mtupu.

Nje, mkubwa wao alimsimamisha Papa Kataliko aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu.

“Muzee, weye unakaa hapa? Hapa hakuna mutu wa jeshi? Hakuna nguo? Hawa wanawake unawajua?”

Béata alisimama mlangoni. Nshobole alikuwa mlangoni kwake. Kataliko alimtazama mmoja, kisha mwingine, bila haraka yoyote.

“Nawajua,” alisema. “Mumoja anashona, mumoja ni wa ofisi. Wanapika pamoja. Kitu ingine sijui, miye nalala.”

Wakaondoka. Walisikika wakigonga nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka sauti zikamezwa na mtaa.

Béata alimfuata Kataliko mpaka mlangoni kwake. “Papa, nisamehe,” alisema. “Nilikusingizia mbele ya watu.”

“Nimesikia,” alijibu. Hakusema amesamehe. Aliingia, akafunga, na Béata akasikia kitanda chake kikilia. Kuanzia siku ile aliendelea kusalimia kwa kichwa kama zamani, na Béata akajifunza kuitikia bila kutafuta kingine ndani yake. Muzee Barthélemy alimwendea Kataliko mwenyewe kumwambia kwamba yale maneno ya kumtoa yalikuwa yameisha, na Béata alisimama pale mpaka yaliposemwa kwa sauti, wote wakisikia.

Nshobole alirudisha ufunguo siku ileile, akauweka mezani kwa Béata. Kila mmoja akanunua mbabula yake. Waliamkiana. Wakikutana bombani walipeana nafasi, tena kwa adabu kuliko zamani, na adabu hiyo ndiyo iliyouma.

Boti za Bukavu ziliporudi kwenda mara nyingi, Nshobole aliaga ofisini kwao, akafunga mizigo. Asubuhi ya kuondoka alisimama ujiani na mabegi, akimngoja mwenye pikipiki asiyefika. Béata alikuwa akitoka kwenda kazini. Alimpita, akafika langoni, akarudi. Alichukua begi zito, akaliweka kichwani.

Walitembea mpaka bandarini, na njiani Nshobole alianza kuzungumza. Hakuomba kitu. Alisimulia jinsi Rodrigue alivyokuwa mtoto, mwoga wa kuku, jinsi alivyojiunga na jeshi bila kuaga kisha akapiga simu akilia kwamba viatu vinamkata, jinsi alivyopenda ugali wa jana uliochomwa moto. Alisimulia kama mtu aliyefunguliwa kamba ya shingoni. Béata hakumjibu, lakini hakumkatiza pia. Mara moja, aliposikia habari ya kuku, nusura acheke.

Kwenye ngazi ya boti Nshobole alipokea begi. “Béata,” alisema.

“Panda, watakuacha.”

Alipanda. Béata alisimama hapo katikati ya wachuuzi wa mikate na wabeba mizigo, mpaka boti ikageuza pua yake kuelekea kusini na asingeweza tena kutofautisha mtu na mtu. Shingo ilikuwa ikimuuma kwa ule mzigo. Akaifunga kanga vizuri kiunoni, akashika njia ya kazini.